Msuuzo wa Tatu

King'ora cha saa nne asubuhi kililia, na mji mzima wa Chilonje ukasimama kunywa maji.

Yona Chidosa alikuwa ameshamimina. Kila siku alimimina kabla king'ora hakijaanza, kwa sababu mkewe Merina alichukia kusubiri kitu asichokitaka. Kikombe kilikuwa cha bati, cha nusu lita, na ndani kilichorwa mstari mwekundu wa kuonyesha maji yafike wapi. Merina alikipokea, akakitazama kama mtoto anavyoitazama dawa ya minyoo, kisha akanywa. Mafunda kumi na moja. Yona aliyahesabu huku akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Kumi na moja," Merina alisema, akajifuta mdomo. "Usijifanye hukuhesabu."

"Sikuhesabu."

"Midomo ilikuwa inakucheza."

Ng'ambo ya barabara fundi cherehani alikuwa ameondoa miguu kwenye pedali, kikombe mkononi. Mwenye duka na mteja wake walikuwa wamesimama wanatazamana, kila mmoja na chake, mazungumzo yamekatika katikati ya neno. King'ora kilipokoma, kila mtu alirudi kwenye lake. Kingelia tena saa sita, na saa nane, na saa kumi, na hivyo hivyo mpaka watu walale.

Mzee Lechipya wa nyumba ya tatu alikuwa kiziwi, akikaa na binti yake aliyekuwa akimgusa bega kila king'ora kilipolia. Mwaka juzi binti alisafiri, gari likaharibika njiani, akachelewa siku tatu. Alimkuta baba yake ameketi kwenye kiti chake, amekauka, uso umetulia kabisa, na mtungi umejaa pembeni mwake. Mzee hakuwa ameumwa na kitu chochote. Hakuwa na kiu, basi.

"Alhamisi ni keshokutwa," Merina alisema. Alikuwa akiitaja Alhamisi kila siku tangu jina lake litoke katika watu kumi na wawili wa kwanza. "Unajua nitafanya nini wakishanichoma ile sindano yenu? Nitachukua jembe nikalime tuta zima, jua la utosi, bila tone la maji. Nirudi ulimi umenigandia juu. Ndipo ninywe."

"Utaugua."

"Niugue. Nitakuwa nimeugua kwa raha zangu."

Yona alicheka kidogo, akachukua mfuko wake. Merina hakuwa akitania. Kwa miaka sita hakuna kitu ndani yake kilichokuwa kimemwomba maji. Jioni, mumewe aliporudi kutoka kazini amechoka, alikuwa akimkalisha na kumkataza kunywa kwanza. "Ikoje leo?" angemuuliza. Yona angesema koo linakwaruza. "Wapi? Huku juu au huku chini? Na mate?" Angejibiwa yote, halafu ndiyo angempa maji, na kumtazama koo likipanda na kushuka kama mtu anayesikiliza ngoma inayochezwa kijiji cha pili.

Yeye Yona hakuwahi kumeza Himili, kile kidonge cha kuzima kiu. Wafanyakazi wa taasisi iliyokitengeneza walikatazwa. Miaka ile mitatu ya ukame, watu walipopewa lita mbili kwa siku za kunywa, kupikia na kunawa, alikuwa akigaagaa kitandani na koo kama limesuguliwa kwa msasa, na mkewe amelala pembeni kwa amani, kidonge kimemtuliza. Alikuwa akimwonea wivu.

*

Taasisi ya Utando ilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji, majengo mawili marefu na mtambo wa umeme. Yona aliletwa pale kubeba mapipa ya naitrojeni. Alikuwa ameacha shule darasa la sita na kufanya kazi kiwanda cha barafu, na baridi hakuiogopa. Mwaka wa pili Daktari Betina Kihwele alimwona akihamisha vichupa kwa kibano, akasimama kumwangalia. Daktari alikuwa na shahada tatu na mikono inayotetemeka. Tangu siku ile kazi ya kugandisha ikawa ya Yona, na watu wakamwita Fundi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua kisahani cha shaba kidogo kuliko punje ya dengu, chenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Unakidondoshea tone lenye protini. Unalinyonya kwa karatasi mpaka libaki tabaka jembamba mno, halafu unakitumbukiza kwenye ethani iliyopozwa kupita barafu yoyote. Ukichelewa nukta moja, maji yanafanya chenga na kazi imeharibika. Ukiwahi, yanaganda kama kioo, na ndani yake protini zimesimama kila moja na mkao wake. Hadubini inazipiga picha laki kadhaa, kompyuta inazipanga, na mwishoni unapata ramani: umbo la kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona.

Kitu walichokuwa wakikitafuta wao ulikuwa mlango. Kila seli ya mwili ina ngozi ya mafuta, ndiyo utando, na katika ngozi hiyo kuna milango inayopitisha ayoni za chumvi. Katika neva fulani za ubongo upo mlango unaofunguka damu inapokuwa nzito. Ayoni zinaingia, neva inapiga kelele, na mtu anasema nina kiu. Himili ilitengenezwa kuwa kabari ya kuuzuia mlango ule usifunguke. Ilikaa kwenye mfuko mdogo ubavuni mwa mlango, mkia wake ukichungulia nje. Jirani na mlango, katika ngozi ile ile, kinakaa kimeng'enya kinachokata kama mkasi. Mkasi ungeukata mkia baada ya saa kumi na mbili, kabari ianguke, kiu irudi asubuhi.

Kwenye ramani ilikuwa hivyo. Katika miili ya watu elfu sita wa Chilonje mkasi haukukata, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Mgogo, umeingia bila hodi," Daktari alisema bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Leo umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuuliza mbwa wa mlinzi. Haonekani tangu jana, na wewe Mhehe unaonekana umeshiba."

"Alikuwa mgumu. Tumemchemsha mara mbili." Daktari alicheka, akamsogezea kiti. Walikuwa watani kwa miaka kumi na minne. Mama yake Daktari alipofariki, Yona ndiye aliyelala mbele ya gari la maiti akidai apewe kuku ndipo wapite, na Daktari akacheka huku analia. "Kaa. Tazama Ufunguo wetu ulivyokaa vizuri."

Kwenye kioo cha kompyuta, dawa mpya, ile ya sindano ya Alhamisi, ilikuwa imeingia kwenye mfuko ule ule. Ingeisukuma kabari itoke, iuache mlango wazi kwa saa moja, halafu mkasi uikate mkia nayo itoke. Mlango ungebaki huru, unafunga na kufungua wenyewe kama zamani.

"Na mkasi usipokata?" Yona aliuliza.

"Kwa nini usikate? Mkia huu, mkasi huu."

"Hata mkia wa Himili ulikuwa hapo hapo."

Daktari alisugua shingo. "Wa Himili ulikuwa mfupi. Huu tumeurefusha."

"Nauliza tu. Usipokata?"

"Basi mlango utabaki wazi. Mtu atakuwa na kiu, atakunywa, na kiu itakuwa pale pale. Atakunywa mpaka damu iwe maji na ubongo uvimbe." Alisema haraka haraka, kama mtu anayetaja ugonjwa wa nchi ya mbali. "Lakini utakata, Fundi. Mwambie Mama Keziah asiwe na wasiwasi."

Mama Keziah ndiye Merina.

Macho ya Yona yalikuwa kwenye kioo. Alikuwa akilitazama donge moja. Lilikuwa mdomoni mwa mfuko, la kijivu, kama punje ya hindi. Dunia nzima ilikuwa imekubaliana kwamba ni mafuta ya utando, na kwamba linaubana mfuko ili mikia ya dawa ibaki nje, mkasi uifikie. Dawa zote mbili zilipimwa kwa donge lile. Kama ndani ya mwili wa mtu lisingekuwapo, mfuko ungekuwa na kina zaidi, na dawa yoyote ingezama ndani, mkia na yote, mkasi ukate hewa.

Mlango hautoki kwenye ngozi ya seli bila sabuni. Unaiyeyusha ngozi kwa sabuni, mlango unatoka umezungukwa na povu, halafu unaisuuza sabuni na kuweka mafuta safi mahali pake. Misuuzo mitatu, kila mmoja saa sita kwenye mashine. Miaka tisa iliyopita Yona alikuwa anajiandaa kuanza msuuzo wa tatu wakati mtu wa mtambo alipopita akisema umeme utakatwa baada ya saa mbili, mafuta ya mtambo yamekwisha. Mashine ikizimika katikati, protini inaganda kama maziwa yaliyochacha. Ilikuwa kazi ya miezi minne. Daktari alikuwa safarini. Yona aliamua mwenyewe: aligandisha kilichokuwapo, kimesuuzwa mara mbili. Kwenye daftari akaandika tatu.

Alitaka kumwambia akirudi. Lakini Daktari aliporudi picha zilikuwa zimeshatoka, nzuri kuliko zote walizowahi kupiga, watu wanapigiana makofi mabegani. Wiki ya sherehe, ramani imebandikwa ukutani, kila mtu ameshika soda, Yona alinyoosha kidole kwenye donge akasema, "Mhehe, hiyo ni sabuni. Umepiga picha povu ukaliita mafuta."

Chumba kilicheka. "Wewe Mgogo," Daktari alimjibu, "wewe na sabuni mmefahamiana lini?" Chumba kikacheka zaidi, na Yona akacheka pamoja nao.

Lile alilibeba miaka tisa. Nilisema, alikuwa akijiambia. Mzee Lechipya alipokutwa kwenye kiti chake, Yona alisaidia kuchimba kaburi, na katikati ya kuchimba alijiambia, mimi nilisema mbele ya watu wote. Lakini alijua vizuri kwamba maneno ya utani hayapelekwi popote. Unaweza kumwita mtani wako mwizi mbele ya wakwe zake na jioni mkala sahani moja. Ndiyo maana alilisemea pale. Alichagua mahali ambapo neno lingetoka mdomoni bila kumfikia mtu.

*

King'ora cha saa sita kilisikika kutoka mjini, kimefifia. Yona alikuwa stoo, ameshika daftari la mwaka ule. Mwandiko ulikuwa wake, wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa ameharakishwa. *Misuuzo: 3.* Ile tatu ilikuwa imekolezwa mara mbili, kama mtu anayepandisha sauti.

Alikaa juu ya pipa tupu. Akinyamaza, Alhamisi ingefika, na huenda mkasi ungekata. Huenda. Merina angelima tuta lake. Akisema, watu elfu sita wangeambiwa hakuna Ufunguo, na jina la Daktari, ambalo mji mzima ulikuwa umeshalitemea mate kwa ajili ya Himili, lingetemewa tena. Na yeye angekuwa mtu aliyejua. Alifikiria mkewe akinywa kikombe, na cha pili, na cha kumi, macho yanamwomba kingine. Akasimama.

Daktari alikuwa anakula mkate mezani kwake.

"Umerudi," alisema. "Sasa hivi unaomba nini?"

"Naomba unisikilize bila kunitania, Daktari."

Mkono wenye mkate ulishuka. Kwa miaka kumi na minne, wakiwa wawili tu, hakuwahi kumwita Daktari.

Alimwambia wima, hakukaa. Umeme, mashine, misuuzo miwili, ile tatu ya kwenye daftari. Aliweka daftari mezani na kidole juu ya mstari. Haikuchukua hata dakika tatu. Alipomaliza alishangaa kitu kidogo hivyo kilivyokaa muda mrefu hivyo.

Daktari alilitazama daftari, akalifunga taratibu, akalisukuma pembeni kama sahani ya chakula.

"Ulishaniambia," alisema.

"Nilikutania."

"Mafuta ya utando yana mkia wa kaboni kumi na sita, kumi na nane. Sabuni yetu ina kumi na mbili." Alikuwa akiongea na mkate. "Siku ile ya soda, watu walipoondoka, nilirudi nikapima lile donge. Linatosha kumi na mbili. Nikapima tena, kumi na mbili. Nikazima kompyuta."

Yona akavuta kiti. Akakaa.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenijibu." Daktari alifuta makombo mezani. "Barua ya kukubali kuichapisha ramani yetu ilikuwa imefika asubuhi ile. Nikajiambia, kama kuna jambo, Fundi atakuja aniambie sawasawa. Hakuja. Nikasema basi, Mgogo alikuwa anatania. Nimelala juu ya utani wako miaka tisa, ndugu yangu. Kila walipokuja kuniuliza mkasi umeshindwa nini, nilikuwa natazama kila mahali isipokuwa pale donge lilipo."

"Na Alhamisi ungewachoma?"

Daktari alilitazama tena daftari, na Yona akaona kwamba hata yeye mwenyewe hajui. Hilo lilimtisha kuliko yote.

"Tuliurefusha mkia," Daktari alisema mwishowe, sauti imekuwa ndogo. "Kwa nini nilisema urefushwe, unadhani? Nilikuwa nakisia. Nakisia kwa watu wale wale."

Alivuta simu karibu.  Alipiga namba ya ofisi ya mkurugenzi, akasema anataka Alhamisi ifutwe, kosa ni la ramani, ramani ni yake, na ndiyo, ataandika. Upande wa pili ulikuwa unapaza sauti. Alisubiri umalize, akarudia maneno yale yale.

"Waambie na daftari," Yona alisema.

Daktari alitikisa kichwa kukataa, kisha akaona uso wa Yona, akasema kwenye simu, "Na fundi wangu ana lake la kueleza. Atakuja mwenyewe." Alikata. "Ramani mpya ni miaka miwili. Tukipewa. Tukiachwa kazini."

"Tutasuuza mara tatu."

"Mara nne," Daktari alisema. Siku nyingine yoyote hapo pangekuwa mahali pa kucheka. Walitazamana, wakasubiri mzaha uje, haukuja. Yona alipofika mlangoni aligeuka, akitafuta neno la kumwachia, la mbwa, la kuombaomba, lolote. Aliyakuta yote yamekufa.

*

Alishuka kilima kwa miguu, jua la saa tisa. Alifika nyumbani shati limemgandia mgongoni. Merina alikuwa uani akinoa jembe kwa jiwe. Lilikuwa jembe jipya.

"Umewahi," alisema. "Kaa. Usinywe. Ikoje leo?"

"Mama Keziah, Alhamisi haipo."

Jiwe lilienda mara mbili zaidi kwenye bapa la jembe, likasimama. Yona alimweleza. Alijaribu kuanza na donge, Merina akamkatiza akamwambia hataki habari za madonge, aseme alichofanya yeye. Akasema. Alipofika kwenye ile sherehe, mkewe alilaza jembe chini.

"Kwa hiyo nilipomeza kile kidonge mara ya kwanza," Merina alisema, "ulikuwa umekaa hapo kitandani. Ulinishikia glasi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua sikusuuza. Sikujua kitafanya nini."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

 Merina alikaa akitazama makali ya jembe, akayapitishia kidole gumba, akakiondoa.

King'ora cha saa kumi kilipolia, Yona aliinuka kwa mazoea, akaenda kwenye mtungi, akamimina mpaka kwenye mstari mwekundu, akarudi nacho. Merina hakunyoosha mkono. Mtaani fundi cherehani alikuwa ameshasimama, mwenye duka ameshasimama. King'ora kiliendelea kulia. Yona alibaki ameshika kikombe, maji yakicheza ndani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake mikono ikimtetemeka.

"Kiweke chini," Merina alisema.

Akakiweka.

Merina aliinuka, akakimwaga kikombe kile kwenye mchanga, akaenda mwenyewe mtungini, akamimina. Alikunywa akiwa amempa mgongo. Yona hakuweza kuyaona mafunda, hakuweza kuyahesabu. Alisikia tu bati likigonga kifuniko cha mtungi alipokirudisha.

"Kuanzia leo nitajihesabia," alisema.

Aligeuka akamtazama mumewe: midomo iliyopasuka, chumvi nyeupe iliyokauka kwenye paji, mate anayojaribu kuyameza na hayapo. Alimtazama kwa muda mrefu, kama jioni nyingine zote, na Yona akangoja ulizo lake, huku au huku, juu au chini. Angempa majibu yote.

"Una kiu," Merina alisema.

"Ninayo."

"Kaa nayo."

Akachukua jembe, akatoka kwenda shamba. Yona alikaa uani, mtungi hatua tatu kutoka alipo, doa la maji yaliyomwagwa likififia mchangani. Koo lilikuwa linamkwaruza, huku chini kabisa, na akakaa nalo.